Naombeni ushauri: kidhibiti joto kipi kinafaa kwa sufuria ya umeme ya kupikia bia nyumbani?

Chekeche

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada wa kuchagua kidhibiti joto kabla sijatoa hela mara ya pili.

Nimehama kutoka gesi kwenda umeme. Sufuria yangu ni ya lita 50, chuma cha pua, ina koili moja ya wati 3,000 iliyolala chini, umeme ni volti 230. Kimea nakiloweka ndani ya mfuko wa kitambaa humo humo kwenye sufuria, sina pampu. Kazi ya joto nimeiachia themostati ndogo ya kidijitali, ile ya kuwasha na kuzima, na sensa yake inaning'inia ukingoni mwa sufuria.

Juzi niliiweka nyuzi 66. Kwenye skrini ilikuwa inacheza kati ya 65 na 67, nikaona mambo yako sawa. Nusu saa baadaye nikatumbukiza kipimajoto cha mkono: katikati ya kimea 62, chini ya mfuko karibu na koili 75. Bia yenyewe ilianza kwenye 1.052 (uzito wake ukilinganishwa na maji, hushuka hamira inapokula sukari) ikagoma kushuka chini ya 1.023. Ni tamu na nzito, haifanani kabisa na nilichokusudia.

Kila ninayemuuliza ananiambia "nunua PID", yaani kidhibiti kinachopunguza na kuongeza nguvu chenyewe badala ya kuwasha na kuzima tu. Nimezitazama, ziko za kila aina na sioni tofauti yake. Je, PID ndiyo dawa? Na kama ni dawa, nitazame nini ninaponunua?

KoiliMbili

Mkuu Chekeche, umefanya jambo la maana sana kupima sehemu mbili. Jibu la swali lako limo ndani ya vipimo vyako mwenyewe: 62 huku, 75 kule, skrini inasema 66. Kidhibiti kinajua joto la ncha ya sensa, basi. Ukiifungia sufuria hiyo PID nzuri kuliko zote, itaishikilia ile ncha kwenye 66.0 bila kutikisika, na kule chini patabaki 75.

Na hiyo 75 ndiyo iliyokuharibia bia. Kimea kina vimeng'enya viwili tunavyovitegemea. Beta-amilesi hufanya kazi yake vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, hukata wanga kuwa sukari fupi ambazo hamira inazila zote. Alfa-amilesi hupenda juu zaidi, jirani na 70, na huacha sukari ndefu ambazo hamira haizigusi. Beta ikivushwa nyuzi 70 inaharibika kwa dakika chache, na ikishaharibika hairudi hata ukishusha joto. Sasa kumbuka vimeng'enya vimeyeyuka ndani ya maji, havijakaa tu kwenye punje. Kila maji yanayozunguka karibu na koili yanapoteza beta yake, kisha yanarudi juu yakiwa hayana nguvu ile. Ndiyo maana umekwama 1.023 ingawa katikati palikuwa 62 tu.

Kwa hiyo kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua pampu inayovumilia maji ya moto. Ivute woti (yale maji matamu ya kimea) kutoka chini na kuimwaga juu ya kimea taratibu. Sensa iweke kwenye bomba la kutokea, mara tu baada ya maji kupita koili. Hapo ndipo maji yana joto kubwa kuliko kwingine kote, na kidhibiti kikipalinda hapo hakuna tone litakaloungua.

Ukishafanya hivyo, PID inaanza kuwa na maana, na inafaa uelewe inafanya nini. Nicolas Minorsky aliieleza hesabu yake mwaka 1922 akishughulikia usukani wa meli za kijeshi za Marekani. Aliwatazama washika usukani wenyewe wanavyofanya. Mshika usukani hodari hapindishi mpaka mwisho kila meli inapoacha njia. Anaangalia imeacha njia kwa kiasi gani, na hiyo ndiyo P. Anakumbuka kwamba mkondo umekuwa ukiisukuma upande mmoja kwa muda mrefu, hiyo ni I. Na anaona inarudi kwa kasi gani ili alegeze mapema, hiyo ni D. Themostati yako haina hata moja kati ya hizo. Inawasha wati 3,000 zote mpaka sensa iseme 66, ndipo inazima, na wakati huo koili yenyewe bado ina moto ndani yake unaoendelea kuingia kwenye maji. PID inaanza kupunguza kabla ya kufika.

Nunua yenye vitu viwili. Cha kwanza, iwe na njia ya kutoa volti ndogo za DC za kuendesha SSR, yaani rilei isiyo na sehemu inayocheza. Ziko PID zinazofanana sura kabisa ila ndani zina rilei ya kawaida ya kugonga. Hiyo haifai hapa, maana PID itataka kuwasha na kuzima kila baada ya sekunde mbili na rilei ya kugonga itachoka upesi. Cha pili, iwe na hali ya manyuo (kuendesha kwa mkono), unayoweza kuiambia "toa asilimia 70" bila kujali joto. Sababu yake nitaieleza nikipata nafasi jioni.

MamaHamira

Ndugu zangu, naomba nitofautiane kidogo na KoiliMbili, kwa heshima zote. Napika kwa mfuko huu mwaka wa saba bila PID na bila pampu. Napasha maji hadi nyuzi 70, natia kimea, nakoroga mpaka kila pembe isome 66, kisha nazima koili kabisa. Nafunga sufuria kwa blanketi nene mbili na godoro la sponji. Lita 30 zilizofungwa vizuri zinapoteza nyuzi moja, mbili zikizidi, kwa saa nzima. Maji mengi yanatunza joto yenyewe. Bia zangu zinashuka hadi 1.010, 1.011.

Kosa la Chekeche ni kuacha koili iwake wakati kimea kimetulia juu yake. Hilo halihitaji mashine mpya.

Themostati yake nayo asiitupe. Aipeleke kwenye friji ya kuchachushia, huko ndiko nyumbani kwake. Hamira ikichangamka hutoa joto lake yenyewe, chombo kinaweza kuwa nyuzi tatu hadi tano juu ya hewa ya chumba, na joto la siku tatu za mwanzo ndilo linaloamua kama bia itanukia vizuri au itakuwa na ladha ya rangi ya mafuta. STC-1000 au Inkbird ITC-308 zinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Ila sensa isiachwe ikielea hewani ndani ya friji. Ibandike ubavuni mwa chombo, usawa wa bia, juu yake weka kipande cha sponji na gundi ya karatasi. Pengo la kuwasha na kuzima liwe nusu nyuzi hadi moja, na uiambie isubiri angalau dakika tano kabla ya kuwasha kompresa tena. Kompresa haitaki kuwashwa na kuzimwa kila mara, kwa hiyo PID kwenye friji ni hasara.

KoiliMbili

Dada MamaHamira, kwa anayeloweka kwa joto moja tu, umesema kweli na sina la kupinga. Chekeche, jaribu njia yake kwanza kabla ya kununua chochote.

Ninachoongeza ni kwa anayetaka kupanda ngazi: 62 kwa dakika 40, kisha 70, kisha 76 ya kumalizia. Hapo blanketi haisaidii, kunatakiwa kupasha huku kimea kimo ndani, na bila mzunguko wa maji utaunguza.

Sasa lile la manyuo. Maji yakishachemka hayapandi joto tena, hata umwage nguvu kiasi gani. Nguvu yote inayozidi inageuka mvuke. Maana yake ni kwamba sensa haiwezi kukuambia kama sufuria inachemka kwa upole au inataka kufurika. Kote inasoma namba ile ile. Ukiiweka PID kwenye 100 na unakaa mahali pa juu ambapo maji yanachemka kwenye 95 (hushuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko), haitafika 100 milele, itatoa asilimia mia bila kupumzika na woti itamwagika sakafuni. Ukiiweka 94, itawaka na kuzima, mchemko utakufa na kufufuka. Kwenye kuchemsha, tunachodhibiti ni nguvu, joto lenyewe linajitosha.

Kiasi gani? Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,257. Ukitaka kupoteza lita tatu kwa saa, hiyo ni karibu wati 1,900, na juu yake ongeza zinazopotea ubavuni mwa sufuria. Kwa koili ya 3,000 utajikuta kwenye asilimia 70 na kitu.

FundiAmpea

Wakuu, nimesoma yote, na kuna jambo limenitia wasiwasi kuliko ladha ya bia. Chekeche, wati 3,000 kwa volti 230 ni ampea 13. Themostati nyingi ndogo za aina hiyo zina rilei ya ampea 10 ndani. STC-1000 aliyoitaja dada hapo juu ni ya ampea 10, ITC-308 kwa volti 220 mwisho wake ni wati 2,200. Kwenye friji hazina shida. Kwenye koili yako unaipitisha mzigo ambao haikutengenezwa nao, kwa saa nzima mfululizo. Chomoa umeme, fungua kifuniko, tazama rangi ya plastiki pale nyaya zinapoingia. Halafu angalia na plagi ya koili. Kama ni ile ya matundu matatu kama ya kompyuta, nayo ni ampea 10. Inayofaa mzigo wako ni ile kubwa ya ampea 16 yenye mapini bapa yaliyolala, C19.

Nikuambie kilichonipata mimi kuhusu SSR. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa ampea 25, nikaona inatosha kwa 13, nikaifunga ndani ya boksi la plastiki bila hitisinki, lile pande la chuma la kutawanya joto. SSR inakula kama wati moja hadi moja na nusu kwa kila ampea inayopita, kwa hiyo mle ndani nilikuwa nimefungia kama pasi ndogo ya wati 15 au 20 isiyo na pa kutolea joto. Upishi wa nne nikaenda kuosha chupa. Niliporudi PID inaandika 67 kama niliyoiagiza, taa ya kutoa umeme imezimwa, lakini joto halisi linasoma 88 na linapanda. PID ilikuwa imeshasema "zima" muda mrefu. SSR ilikuwa imeungana ndani.

Hilo ndilo naomba kila mtu alishike. SSR ikifa, mara nyingi inafia kwenye kuwaka. Inabaki imefunga njia na hakuna amri ya kidhibiti itakayoifungua. Ndiyo maana mbele yake lazima kuwe na kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme) au swichi ya mkono inayokata nyaya zote mbili, laivu na nyutro, mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka sufuria. Chukua SSR ya ampea 40 kwa mzigo wa 13, ifunge kwenye pande la alumini lenye mapezi, pakaa ile grisi nyeupe ya joto katikati, na hilo pande litokeze nje ya boksi.

Ethi iunganishwe kwenye mwili wa sufuria kwa boliti, isiishie kwenye boksi. Na saketi yote ipite kwenye kikata umeme cha kuvuja cha miliampea 30, ile RCD; bonyeza kitufe chake cha kujaribia kila siku ya upishi kabla hujagusa maji. Mnasimama kwenye sakafu iliyolowa na mwiko wa chuma mkononi. Kama huna uhakika na ethi ya nyumba, mwite fundi wa umeme aipime kwanza, upishi utasubiri.

Chekeche

FundiAmpea, Mungu akubariki. Nimefungua sasa hivi. Plastiki ya upande wa kutokea imebadilika kuwa kahawia na skrubu moja imelegea. Nimeitoa kabisa kwenye koili.

Jumamosi nilifuata njia ya MamaHamira, blanketi mbili. Nilianza 66.5, baada ya saa moja nimekuta 65. Woti ni 1.049. Tunasubiri hamira.

Bado nataka kufika kwenye zile ngazi za joto, kwa hiyo nimeanza kukusanya vifaa. Swali la sensa: naona PT100, naona waya wa K, naona DS18B20. Nishike ipi?

KoiliMbili

PT100. Ni waya wa platini wenye omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi mia, kwa hiyo kila nyuzi ni omu 0.385. Namba hiyo ndogo ndiyo sababu ya kununua yenye nyaya tatu: ukichukua ya nyaya mbili, urefu wa waya wenyewe unaongeza omu zake na unasoma nyuzi moja au zaidi juu ya joto la kweli. Waya wa tatu unakisaidia kidhibiti kuondoa hiyo nyongeza.

Waya wa K ni wa tanuri. Wa kawaida unaruhusiwa kukosea nyuzi 2.2, na kwetu sisi nyuzi mbili ni bia nyingine. DS18B20 ni nzuri, nusu nyuzi, ila inazungumza kidijitali. PID ya kawaida haiisomi, ni ya wale wanaojijengea kidhibiti kwa bodi ndogo za kompyuta kama Arduino au Raspberry Pi.

Ukishaifunga, ingia kwenye mipangilio uiambie PID kwamba sensa ni PT100, maana nyingi zinatoka kiwandani zikitegemea K na zitakuonyesha namba za ajabu. Kisha ijaribu kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, isome sifuri. Ikisoma 0.6, kuna mahali pa kuandika masahihisho.

Kapi

Naomba kuuliza kwa niaba ya sisi wa Raspberry Pi. Ninajenga na CraftBeerPi, programu ya kuendesha upishi wa bia, napata grafu, napata ngazi za joto zinazojiendesha. Kuna ubaya?

FundiAmpea

Hakuna ubaya mkuu, grafu ni msaada mkubwa. Ila jiulize programu ikiganda koili itakuwa katika hali gani. Pini iliyobaki juu ni koili iliyobaki inawaka. Weka saa ya ulinzi inayoizima bodi isipopata ishara, na swichi ya mkono ibaki palepale. Umeme wa koili usipite hata kidogo kwenye kitu kinachotegemea intaneti.

Na hili linawahusu wote wenye pampu: kimea kikiziba na maji yakaacha kutembea, sensa iliyo mbali kwenye bomba la kurudia inaanza kupoa. PID inaona baridi, inatoa asilimia mia, na koili inaunguza maji yaliyosimama. Ndiyo maana KoiliMbili alisema sensa ikae karibu na koili. Swichi ya mtiririko inayokata koili maji yakisimama ni kifaa kidogo na nakipendekeza kwa kila mtu.

Chekeche

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki sita.

Bia ya blanketi ilishuka hadi 1.011. MamaHamira, hiyo ni yako.

Mfumo mpya umesimama. PID yenye kutoa volti za SSR na yenye manyuo, PT100 ya nyaya tatu kwenye bomba la kutokea, SSR ya ampea 40 juu ya alumini, kontakta, RCD, plagi ya C19. Ethi ilipimwa na fundi, akakuta soketi moja haina ethi kabisa, akairekebisha.

Kwenye kuiacha PID ijipime yenyewe nilikosea mara ya kwanza. Niliianzisha na maji ya baridi lita kumi. Ilichukua muda mrefu, na namba ilizozipata hazikufaa kwa lita 32, ikawa inapitiliza nyuzi tatu. Mara ya pili nikaweka lita 32 za maji matupu, pampu inazunguka, nikapasha hadi 66 kwanza ndipo nikaiambia ijipime. Ilipanda na kushuka mara kadhaa kisha ikatulia. Nashukuru sikufanya hivyo kimea kikiwa ndani, kwa sababu katika kujipima iligusa 70.

Jingine nililoligundua: ukiiacha PID ipashe yenyewe kutoka nyuzi 20, ile I inajikusanyia deni la dakika arobaini na inapitiliza hata ikiwa imejipima vizuri. Sasa napasha kwa manyuo, asilimia mia, mpaka 63, halafu ndipo naikabidhi usukani.

KoiliMbili

Hiyo ya kukabidhi kwenye 63 shikilia hivyo hivyo. Na mchemko ulikuwaje?

Chekeche

Niliacha asilimia mia mpaka povu lilipoanza kupanda, nikashusha hadi 50, povu likarudi chini. Nikapandisha kidogo kidogo. Kwenye 74 woti ikawa inajikunja katikati polepole bila kurusha matone, nikaiacha hapo saa nzima. Nilipima kwa rula kabla na baada. Zilipungua lita tatu na robo.